Kiti cha Nyuma

Mjukuu wangu kanunua gari. Si gari mpya, msimuone tajiri. Imetoka Ujapani imeshachoshwa na wenyewe, lakini imesuguliwa na kupuliziwa madawa, na ukifungua mlango inakupiga ile harufu ya plastiki iliyolala juani. Kaileta mpaka mlangoni kwangu hapa Mpendae, ya milango miwili tu, imeinama mbele kama jogoo anayetaka kupigana.

"Bibi, leo nnakupeleka Paje ukapunge upepo," akasema.

Mkewe keshakaa mbele. Akamteremsha, akakikunja kile kiti cha mbele, akaninyooshea mkono kule nyuma kama mtu anayekaribisha mgeni sebuleni. Nikamwambia sipandi.

Wakacheka. Wakadhani ni nyonga. Mkewe akasema, "Bibi, tutakushika, tutakuingiza taratibu." Nikamwambia mie nimeolewa na waume wawili na wote nimewazika, nyonga zangu nzima kuliko zake. Lakini nyuma ya gari ya milango miwili sikai. Mbele nikae, juu nikae, nifungwe kamba kwenye boneti kama ng'ombe wa Idi, sawa. Nyuma, hapana.

Harufu ile ilikuwa imeshanifika. Na ikinifika, mie si bibi wa mtu tena. Nnakuwa Chiriku.

Nyie wenzangu mliokula foleni ya mchele pamoja nami, ndio nnaotaka kukuhadithieni. Hawa vijana nikiwaambia watanitazama kwa huruma, halafu watanipiga picha.

Chiriku ni jina alilonipa kaka yangu Hafidh, kwa sababu ya huu mdomo. Alisema yule ndege chiriku angalau usiku analala. Tulikuwa tunakaa mjini, Kiponda ndani, kwenye uchochoro ambao punda wawili wakikutana mmoja lazima arudi kinyumenyume. Baba alifariki kwa homa kabla sijajua kumwita. Nyumba nzima tulikuwa watatu, Mama, Hafidh na mie. Hafidh alikuwa karani bandarini, mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka ukiligusa linakukata. Akirudi kazini huvua viatu, akatia ndara, akakaa kwenye baraza yetu kushona kofia. Mikono yake haikujua kukaa bure. Sindano inaingia na kutoka kwenye vitundu vya kofia, na mdomo nao unaingia na kutoka kwenye mambo ya watu. Mie na yeye tumbo moja, msitafute mbali nilikoutoa.

Rafiki yake alikuwa Maulidi, fundi gari wa karakana ya serikali. Mzee wake alitoka Bara kuja kuchukua kazi ya shamba, yeye akazaliwa hapa, akakulia hapa, na Kiunguja chake kilikuwa kimenyooka kuliko chetu. Shingo fupi, mabega mapana, na kucha ambazo hazikutakata hata siku ya Idi. Akishafika tu Mama husema, "Maulidi, usiegemee ukuta, wallahi nimeupaka chokaa jana." Naye husema, "Shikamoo, Mama," halafu huuegemea.

Huo ulikuwa wakati wa baada ya Mapinduzi, watu tulipokuwa tunajifunza kuzungumza upya. Nyumba ya jirani yetu asubuhi moja iliamka na kofuli mlangoni, na hakuna aliyeuliza wenyewe wamekwenda wapi. Mwalimu wangu wa chuo cha Kurani alikuwepo Jumatano, Jumamosi hayupo, tukaambiwa tudurusu wenyewe. Mchele foleni, sukari foleni, sabuni foleni. Habari tu ndiyo haikuwa na foleni, kwa sababu haikuwepo. Na barazani mtu akitaja jina la mtu, Mama hutoa kichwa dirishani juu akakohoa. Kikohozi cha Mama kilikuwa serikali nyengine. Akikohoa, wanaume wazima wananyamaza, wanatazama vidole vya miguu yao.

Ndiyo maana walizungumza gari. Mie mtoto nikadhani wanaume ndivyo walivyoumbwa, wanapenda magari. Sasa nnajua. Gari haina ukoo, haina kabila, haina chama, haina shamba lililochukuliwa. Ukiitaja gari, dirishani hakukohoi mtu.

Na haikuwa gari yoyote. Ilikuwa gari moja, na hakuna aliyepata kuiona.

Ilikuja na sabuni. Baharia mmoja wa meli ya kigeni alimpa Hafidh mche wa sabuni, umefungwa kwenye ukurasa wa gazeti la kwao. Sabuni Mama akaificha, ukurasa Hafidh akaunyoosha kwa pasi. Palikuwa na picha ya gari iliyofunikwa shuka jeupe mpaka chini, na chini yake maneno. Hafidh akatusomea kwa Kiswahili. Kiwanda fulani huko Ulaya kinatengeneza gari ya spoti, ya milango miwili, lakini bei ya chini, ya kijana mwenye kazi ya kawaida. Hakuna aliyeiona bado. Watu wanakisia tu. Mwakani itafunuliwa.

Basi. Hayo tu. Lakini lile umbo chini ya shuka, kidevu, kiuno na mgongo wa kuteremka, liliwapa wanaume wawili wazima kazi ya tangu masika mpaka karafuu zikaanikwa.

Mama aliitazama mara moja. "Mbona mmeivisha sanda?"

"Sanda wapi, Mama!" Hafidh akacheka. "Huyu bi harusi. Hajafunuliwa uso."

"Mie nishaosha maiti wengi, mwanangu. Bi harusi hafunikwi mpaka miguu."

Kila jioni, baada ya Alasiri, bi harusi hutolewa mfukoni akawekwa katikati ya baraza, na muuza kahawa akipita na birika lake husimama naye akachungulia.

Ya Hafidh ilikuwa nyekundu kama komamanga, paa la turubai la kukunja, na viti viwili tu. "Gari ya spoti ya kweli ni ya wawili," alisema. "Mmoja anaendesha, mmoja anapiga kelele."

Maulidi huvuta pumzi kwa puani, kama mganga anayeambiwa upuuzi. "Yakhe, bei rahisi haiji hivi hivi. Kinachofanyika, watachukua injini ya gari ya mkunga, waivishe suti. Tena zitakuja namna tatu. Ya chini, injini ndogo, bila redio, kioo cha kuzungusha kwa mkono. Ya kati, ina redio. Na ya juu, ya wakubwa, inakimbia kweli. Paa la chuma zote, kwa sababu kwao mvua. Nyuma hamna kiti. Patakuwa na kijibao cha kuweka kikapu."

"Na huku kwetu itafika ipi?"

"Huku kwetu? Ya chini. Na hiyo redio ambayo haimo, itakuwa pia mbovu."

Wakacheka mpaka Mama akakohoa, maana hata kicheko kikizidi kilikuwa na hatari yake.

Mie sikucheka. Mie nilikuwa na shida yangu. Viti viwili. Nikapiga hesabu mie mwenyewe, na hesabu shuleni sikuwa nyuma. Kimoja cha Hafidh. Cha pili cha nani? Mama alikuwa anamtafutia mchumba, nilisikia nyumba za watu zikitajwa. Nikajua, hicho cha pili kishapata mtu. Gari itakuja, Hafidh atatia koti, atapakia mtu mwengine, atakwenda Kidichi kwenye mikarafuu, atakwenda Paje kwenye mchanga mweupe nilioambiwa unang'ara kama unga wa ngano, na mie n'tabaki na Mama na kikohozi chake.

"Na mie je?" nikauliza.

"Wewe utakimbia nyuma," Hafidh akasema, sindano mdomoni.

"Nikichoka?"

"Utashika bampa."

"Basi ya kwangu ina kiti cha nyuma," nikasema. "Na ni nyembamba, inaingia mpaka hapa mlangoni."

Maulidi akainuka, akanyoosha mikono kuupima uchochoro. Kidole huku kikagusa ukuta, kidole huku kikagusa ukuta. Akanitazama kwa masikitiko makubwa. "Chiriku, hii yako si gari. Hii ni jeneza lenye magurudumu."

"Lina kiti cha nyuma?" nikamuuliza, na hata Mama huko juu akacheka.

Tukawekeana sharti. Siku bi harusi atakapofunuliwa, atakayekuwa kakisia sawa ndiye atakayepanda wa kwanza, kuzunguka mji mzima mpaka Forodhani. Hafidh na paa lake la turubai, Maulidi na kijibao chake cha kikapu, mie na kiti changu cha nyuma. Walikuwa wanafanya mzaha na mtoto. Mie nilikuwa sifanyi mzaha. Kila baada ya sala nilimuomba Mungu kiti cha nyuma. Sikuomba mchele, sikuomba mwalimu wangu arudi. Kiti cha nyuma tu. Na kwa makaa ya jikoni nikachora gari yangu kwenye ukuta wa baraza, juu ya chokaa ya Mama, na ndani nikachora kichwa kidogo kwenye dirisha la nyuma. Nilipigwa kwa ajili ya kichwa kile, lakini hakikufutika vizuri.

Halafu akaja bwana wa viatu vyeupe.

Jina lake sikulijua. Alikuwa mnene kidogo, mpole, viatu vyake vya turubai vimepakwa chaki kama vya mwalimu wa michezo. Alianza kunywa kahawa pale kwenye kona, halafu akanywa karibu, halafu siku moja akatoa salamu akakaa kwenye baraza yetu kama aliyekaribishwa. Maulidi akajisogeza, akaacha kuegemea ukuta. Hafidh aliendelea kushona, lakini mishono yake siku ile Mama alikuja kuifumua.

"Endeleeni, jamani," bwana yule akasema. "Mlikuwa mnazungumza nini?"

"Gari," Hafidh akajibu.

"Gari gani?"

Mkubwa yeyote angenyamaza. Lakini pale alikuwepo Chiriku. Nikamweleza yote, shuka, turubai, kijibao, namna tatu za Maulidi. Akanisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo kwetu halijapata kutokea. Akaichukua ile picha akaigeuza, akaitazama upande wa pili uliokuwa na maneno tu, akairudisha.

"Na wewe, bwana," nikamuuliza, "yako ikoje?"

Akafikiri kweli. "Mie naona haitakuwa ya wazi. Gari ya wazi si ya watu wazima. Upepo unaingia, maneno yanatoka. Itakuwa na paa la chuma. Rangi ya kiza, isiyoonyesha vumbi. Milango miwili inatosha."

"Na kiti cha nyuma?"

"Lazima," akasema. "Gari bila kiti cha nyuma ya kazi gani?"

Nikamtazama Hafidh kwa ushindi. Nikamtazama Maulidi. Hakuna aliyenitazama mie. Nilimpenda bwana yule siku ile, nisikufichieni. Watu wazima wawili walinicheka msimu mzima, na huyu mmoja, na viatu vyake vyeupe, akawa upande wangu.

Alipoondoka Mama akateremka mpaka barazani, jambo asilolifanya wanaume wakiwepo. "Kuanzia kesho kofia utashonea ndani," akamwambia Hafidh.

"Mama, tukiingia ndani ndiyo watasema tunafanya vikao."

"Maulidi, mwambie mwenzio."

"Kasema kweli, Mama," Maulidi akajibu polepole. "Tukihama sasa, ndiyo mbaya zaidi."

Basi wakabaki barazani, wakazungumza gari kwa sauti kubwa kuliko zamani, kama watu wanaosoma somo wasikike. Turubai! Kijibao! Namna tatu! Mie nikafurahi kwamba mchezo umechangamka.

Siku yenyewe Mama alikuwa juu anasali Alasiri. Maulidi alikuwa hajatoka karakana. Barazani tulikuwa wawili, Hafidh anashona, mie nnamtilia uzi sindanoni kwa sababu macho yangu yalikuwa mazuri. Bwana wa viatu vyeupe akaja na mwenzake mmoja mrefu. Wakatoa salamu vizuri, wakapeana mikono na Hafidh. Wakampa mikono na hawakuiachia.

Nyie mnajua wanaume wa kwetu, marafiki hutembea wameshikana mikono, hakuna ajabu. Nikaona huyu kamshika huku na huyu kamshika huku, nikasema, kumbe wamekuwa marafiki kweli.

"Twende mara moja," bwana yule akasema. "Neno moja tu, utarudi."

"Nivae viatu."

"Vya nini? Si unarudi sasa hivi."

Hafidh akaiweka kofia yake juu ya baraza, sindano imo ndani. Akatazama dirisha la juu. Dirishani hapakuwa na mtu, Mama alikuwa kwenye sijida. Wakaenda kwa mwendo wa polepole, watu watatu wamejaza uchochoro, mabega yanasugua chokaa, na ndara za kaka yangu zinapiga pa, pa, pa. Mie nyuma yao.

Na pale uchochoro unapotokea barabarani, palikuwa na gari.

Milango miwili. Mpya, inameremeta. Kijani cha kiza. Paa la chuma. Mbele imeinama kidogo, mgongo unateremka, kidevu, kiuno, nililijua umbo lile kama nnavyoujua uso wa Mama. Shuka limetolewa! Nikashika kichwa kwa mikono miwili. Yule mrefu akafungua mlango, ikatoka harufu ya plastiki iliyolala juani, sikupata kunusa kitu kipya namna ile katika maisha yangu, maana kila kitu kwetu kilikuwa kikuukuu. Akashika kiti cha mbele, akakikunja. Na kule nyuma, kwenye kiza, kikaonekana kiti.

Hafidh akageuka. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, mie nikadhani ni uchungu wa kushindwa. Akaniona nilivyokuwa nnarukaruka. Akatabasamu, wallahi, alitabasamu.

"Chiriku," akasema, "umeshinda. Ina kiti cha nyuma."

Nikapiga makofi. "Basi mie ndiye wa kwanza! Tuliwekeana!"

"Nilikwambia itakuwa nacho," bwana wa viatu vyeupe akaniambia kwa upole.

Nikataka kuingia. Nilishafika mpaka nikashika ukingo wa mlango. Hafidh akanizuia kwa goti, kwa sababu mikono hakuwa nayo. "Hii siyo yako. Yako bado inakuja. Rudi ukamwambie Mama mtu asiikalie ile kofia, sindano imo."

Akainama akaingia. Kiti cha mbele kikarudishwa, kikalia ta! Lile komeo lake. Yule mrefu akakaa mbele yake, mlango ukafungwa. Ndipo nilipogundua jambo moja kuhusu gari niliyoiombea dua, kwamba kule nyuma hakuna mlango. Kioo chake kidogo hakifunguki. Anayekaa nyuma hatoki mpaka anayekaa mbele apende. Nikaliona hilo, na nikaona ni ufundi mzuri, mtoto hawezi kuanguka.

Ikaondoka. Mie nikageuka nikaingia uchochoroni mbio, nnapiga kelele ya roho yangu yote. "Imekuja! Gari imekuja! Ina kiti cha nyuma! Nimeshinda!" Na kila mlango niliopita ulifungwa. Sikuelewa. Ta, huu. Ta, ule. Bibi mmoja aliyekuwa anapepeta mchele aliingia ndani na ungo wake, mchele ukamwagika, na mchele enzi hizo haumwagwi.

Nikavaa gauni langu la Idi. Nikakaa barazani na kofia ya Hafidh mapajani, nnangoja azunguke mji arudi anichukue.

Mama alinikuta hapo. "Umevaa hivyo unakwenda wapi?"

"Forodhani, na kaka. Kaenda na gari."

"Gari gani?"

"Ile ya kwenye picha, Mama. Imeshafunuliwa."

Mama akakaa. Hakuchagua mahali, alikaa pale pale kwenye kizingiti, na buibui lake. "Alikwenda na nani?"

"Na marafiki zake. Walimshika mikono."

Akanifunga mdomo kwa kiganja chake, kikali, kinanukia udi wa sala. Hakunipiga. Aliushikilia tu mdomo wangu mpaka Magharibi ikaadhiniwa. Halafu akapanda juu, akaichukua ile picha, akaitia kwenye seredani ya makaa, chini ya sufuria. Shuka jeupe likajikunja, likawa jeusi, na hata hapo halikufunuka.

Kesho yake Mama alivaa akaenda kuuliza. Akaambiwa hayupo mtu wa jina hilo. Akaenda kwengine, akaambiwa arudi kwa kwanza. Alikwenda mpaka soli za viatu zikaisha, halafu akaenda na ndara.

Maulidi hakuja tena. Nilimuona mara moja Darajani, akavuka barabara. Nikasema huyu kanuna kwa sababu kashindwa na mtoto, kijibao chake cha kikapu kimemponza. Nikamdharau kwa hilo.

Na mtaa, kidogo kidogo, ndani ya majumba, ukaanza kukisia. Yuko jela, Bara, ameonekana analima. Hapana, kavuka kwa ngalawa, yuko Mombasa. Yuko Dubai, kaoa. Kuna aliyesema kwa sababu ya sabuni ya baharia. Kuna aliyesema ni kwa ajili ya mchumba, mkubwa mmoja alimtaka msichana yule. Kuna wasiosema kitu, wanamtazama Mama anavyopita halafu wanamsomea Hafidh Fatiha. Kila nyumba na Hafidh wake. Wa Mama alikuwa Hafidh wa Dubai, mnene, mwenye duka. Kila mwaka alimnenepesha kidogo.

Mie shule niliishia darasa la saba, nikaolewa. Nilipojifungua mtoto wa kiume nikataka kumwita Hafidh. Mama alikataa kata kata. "Jina lina mwenyewe," akasema. "Akirudi atakuta umempa mtu." Basi mwanangu akaitwa jina jengine. Ile kofia ilikaa kabatini na sindano yake ndani, ikaota kutu, kutu ikaitafuna kofia.

Mama alipofariki, siku ya hitima, mzee mmoja mwenye shingo fupi alikaa peke yake kwenye ile baraza. Nikampelekea chai. Nikatazama kucha zake.

"Maulidi."

"Naam, Chiriku." Hajaniita hivyo mtu miaka yote ile. Akakipokea kikombe. "Nilikuwa nnangoja Mama afe. Mungu anisamehe, ndivyo ilivyokuwa."

"Sema."

"Ile gari ililetwa karakana. Haukupita muda. Wakasema kiti cha mbele kinacheza, hakishiki. Nikaingia kutazama. Kile chuma cha komeo kilikuwa kimepinda, kimepinda kuja mbele. Chuma kile hakipindi kwa mkono. Mtu alikuwa kakaa nyuma, akakipiga kwa miguu yote miwili, akakipiga sana." Akakiweka kikombe chini. "Na chini ya kiti palikuwa na ndara moja."

Ndani wanaume walikuwa wanasoma, sauti zinapanda na kushuka.

"Ukafanya nini?" nikauliza.

"Walikuwa wamesimama juu yangu, Chiriku. Nikakinyoosha. Nikatia na bati la pili ili kishike." Akajitazama mikono. "Niliifanya kazi vizuri. Toka siku ile hakikuachia tena, na mimi nikawa nnaiona ikipita, ikipita, mtu mbele na mtu nyuma."

Hapo ndipo shuka liliponitoka mie. Si lote. Lakini nilijua wa Dubai hayupo. Mjukuu wangu alipozaliwa tukamwita Hafidh, na safari hii hapakuwa na wa kukataa.

Sasa Hafidh huyo kasimama pale Mpendae, kashika kiti kilichokunjwa, jua linampiga, mkewe ananitazama. "Basi Bibi akae mbele," mkewe akasema, "mie n'takaa nyuma." Akainama aingie. Nikamshika mkono. Siwezi kumuona mtu anaingia mle huku mie nimesimama nje. Mara moja inatosha.

Nikainama nikaingia mwenyewe. Kumbe ni padogo. Magoti yanafika kifuani, kioo hakifunguki, harufu inakaa juu yako. Kiti cha mbele kikarudishwa. Ta! Ile ile. Mkewe akakaa mbele, Hafidh akashika usukani.

Nikavua ndara zangu. Nikaweka miguu yote miwili kwenye mgongo wa kiti, nikasukuma. Nikasukuma kwa nguvu zote alizoniachia Mungu. Hakikusogea hata unywele.

"Bibi! Vipi?" Hafidh akaniangalia kwenye kioo, anacheka. Halafu kwa fahari ya mwenye mali akakipiga kile kiti kofi. "Usiogope, Bibi, kiko imara hicho. Hakiachii hata ukipige teke."